USALAMA NA AFYA: Kinywa chako si pompu ya esansi



Ukurasa huu umezoea kuwaeleza habari za kofia ya kazini, za vumbi la mgodi, za malaria na za maji ya kunywa. Safari hii tutaingia chini ya kapo ya gari. Wengine watauliza: munganga anatafuta nini ndani ya motere? Jibu ni hili. Dispanserini tunapokea watu ambao hawakuumia kazini hata kidogo. Waliumia nyumbani, Siku ya Mungu, wakitengeneza gari lao la zamani. Kazini mtu anavaa miwani na viatu vigumu, na mkubwa wa usalama anamtazama. Nyumbani anavaa kandambili, sigara iko mdomoni, na watoto wamemzunguka.

Kati ya kazi hizo za nyumbani, moja tunaiogopa kuliko nyingine: kubadilisha pompu ya esansi iliyochakaa. Si kwamba ni ngumu. Ni nyepesi, bulo mbili na tuyo mbili, na kwa sababu hiyo kila mtu anajiona fundi. Basi tuieleze namna inavyofaa, kwa maana kuwakataza watu wasiguse magari yao ni kupoteza maneno.

Pompu yenyewe

Tunasema juu ya magari ya kabirateri: Peugeot 404, Peugeot 504 ya kabirateri, Toyota Corolla za zamani, Land Cruiser za esansi za miaka ya 1970, na Volkswagen Coccinelle. Pompu yao haina umeme. Imefungwa kwenye motere, na mkono wake wa chuma unaingia ndani. Humo kuna kibonge cha chuma kinachozunguka pamoja na motere na kuusukuma mkono ule. Mkono unavuta membrani, yaani ngozi laini iliyomo ndani ya pompu, na esansi inaingia kwa kilango kimoja. Kisha resori inarudisha membrani, na esansi inatoka kwa kilango cha pili kuelekea kabirateri. Nguvu yake ni ndogo, kiasi cha bari 0,2 ao 0,3, na tairi la gari lina karibu bari 2.

Ile membrani inazeeka. Inakauka, inapasuka. Hapo mambo matatu yanaweza kutokea. Pompu inakosa nguvu, na gari linakohoa kwenye mlima ao linazima wakati wa jua kali. Ao esansi inadondoka nje kwa tundu dogo lililo chini ya pompu. Ao, na hili ndilo baya kupita yote, esansi inashuka polepole ndani ya motere na kuchanganyika na oili. Utalijua namna gani? Toa joji, tazama, nusa. Oili haizai watoto: kama jana ilikuwa katikati na leo imepanda, kuna kitu kimeingia. Oili yenye esansi inakuwa nyepesi kama maji, haikingi vyuma tena, na mvuke wake unajaa ndani ya motere ukingojea cheche.

Lakini munganga hapasui tumbo mbele ya kumpima mgonjwa. Tazama kwanza filta. Tazama tuyo kama zimepasuka, kwa sababu tuyo yenye ufa inavuta hewa pahali pa esansi. Fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na gari likapona, ugonjwa ulikuwa wa kifuniko, na umeokoa feza zako. Vyote vikiwa vizuri, rudi kwenye pompu.

Moto unaotambaa chini

Mbele ya kushika kile, fahamu unashughulika na kitu gani. Esansi inatoa mvuke wenye kuweza kuwaka hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Basi usijidanganye kwamba asubuhi za mwezi wa sita ni baridi na hakuna hatari. Mvuke huo hauonekani, na ni mzito kuliko hewa mara tatu hivi ao nne. Haupandi kama moshi. Unashuka, unatambaa juu ya udongo, unajaa katika mifereji na katika shimo la garaji, na kukaa humo. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika sehemu mia za hewa inatosha kuwaka.

Sasa tazama parsele yako. Gari liko chini ya muembe, na mama amewasha mbabula karibu na mlango ili apike bukari. Unamwaga esansi kidogo chini, kikombe kimoja tu. Wewe uko hapa, moto uko kule, na unafikiri mko mbali. Mvuke unatembea mpaka kwenye makala, unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwako. Hakuna mtu anayekimbia kupita moto huo.

Tukumbuke Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilianguka, watu wakafika kuchota, kisha moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 200. Wengi wao hawakuchota hata tone: walikuwa ndani ya nyumba za video wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto haukuuliza nani alichota.

Kwa hiyo, kazi hii ifanyiwe nje, pahali penye upepo, mbali na mfereji, na kamwe si juu ya shimo la garaji. Mbabula izimwe. Hatusemi isogezwe, tunasema izimwe. Wote wasivute sigara, na yule anayekuja kutazama tu pia. Taa ya baladezi iwekwe pembeni, kwa maana balbu ikivunjika juu ya esansi, waya wake mwekundu unatosha. Fanya kazi mchana. Weka karibu kizima-moto cha unga, ao kama huna, ndoo mbili za mchanga mkavu. Usitegemee maji: esansi inaelea juu yake na kwenda pamoja na moto mpaka kwa jirani.

Kazi

Ngoja motere ipoe kabisa, saa mbili ni vizuri. Weka gari katika poemo, yaani bila vitesi, na magurudumu yazuiliwe kwa mawe. Toa waya wa batri wenye alama ya kutoa (–). Huo ndio unaotangulia kutoka, na ndio utakaorudi mwisho.

Weka alama juu ya tuyo, ile inayotoka tangini na ile inayokwenda kabirateri. Weka kopo la chuma chini ya pompu. Ukiisha kuchomoa tuyo ya tangini, izibe papo hapo kwa bulo safi yenye unene wa kadiri. Bulo hiyo iwe mfukoni mwako tangu mwanzo, si katika sanduku ndani ya nyumba. Mwenye Coccinelle aangalie sana: tangi lake liko mbele na juu, motere iko nyuma na chini, na esansi itashuka yenyewe bila kuitwa. Katika magari mengine tangi kwa kawaida liko chini, na itatoka kidogo tu. Unaona basi kwamba hakuna lazima ya kumaliza tangi. Tuyo ikizibwa, kazi yote inafanyika na tangi likiwa na mafuta yake.

Legeza bulo mbili za pompu, kidogo huku na kidogo kule, kwa kile ya 12 ao 13, kadiri ya gari. Ukisikia mkono unasukuma kwa nguvu, zungusha motere polepole kwa mkono mpaka kibonge kiuachilie. Pompu ikitoka, utaona kipande kinene kati yake na motere. Usikitupe! Kinazuia joto la motere lisichemshe esansi, na unene wake ndio unaopima safari ya mkono. Ukiweka kinene zaidi, pompu itakuwa zaifu. Ukiweka chembamba, mkono utagongwa mpaka uvunjike.

Ziba tundu la motere kwa kitambaa, kwangua joenti ya zamani, kisha toa kitambaa. Wako wanaokisahau ndani. Linganisha pompu mpya na ile ya zamani juu ya meza: mkono uwe na umbo moja na urefu mmoja. Sokoni kuna pompu zinazofanana kwa uso tu. Weka joenti mpya, ingiza pompu ukihakikisha mkono umelala pahali pake juu ya kibonge, kaza bulo zote mbili kwa zamu, bila kutumia nguvu za mtu anayepasua kuni. Rudisha tuyo kwa kolye mpya. Tuyo ikiwa mbovu, nunua ile ya esansi. Mpira wa kumwagilia bustani utalainika na kuoza kwa siku chache.

Panguza kila tone, peleka vitambaa mbali, ngoja hewa ikauke. Hapo ndipo batri inarudi.

Usinyonye

Sasa tumefika pahali pa hatari. Pompu mpya ni kavu. Unawasha, motere inazunguka, haiwaki. Jua limepanda, jirani anacheka. Wengi hapo wanafanya moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ni kumwaga esansi katika koo la kabirateri na kumwambia mtoto azungushe ufunguo. Motere inarudisha moto kwa juu, na uso wako uko pale pale ukitazama.

La pili ni kuchukua tuyo, kuitia kinywani, na kunyonya mpaka esansi ifike. Ndivyo pia wanavyofanya wauzaji wa njiani, wale wanaoitwa Kadhafi, wanapotoa mafuta tangini, na vijana wanawaiga.

Yote mawili hayana lazima. Pompu nyingi zina mkono mdogo chini yake: uupige kwa kidole mara ishirini, thelathini, mpaka uone umekuwa mgumu. Kama haupo, zungusha demareri sekunde 10, pumzika dakika moja, zungusha tena. Esansi itafika. Na mwenye kutaka kuhamisha mafuta anunue pompu ndogo ya plastiki ya kuminya kwa mkono. Bei yake haifiki bei ya siku moja kitandani hospitalini.

Kwa nini tunapiga kelele hivi? Watu wanafikiri ubaya wa esansi ni kuingia tumboni. La, ubaya wake mkubwa ni kuingia katika mapafu. Esansi ni nyepesi, inateleza kuliko maji. Inapogusa koo, mtu anakohoa, na katika kuvuta pumzi baada ya kikohozi inapita katika njia ya hewa. Kijiko kimoja cha chai ni kingi sana. Hata chini ya hapo kunatosha kuua. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na kila kimoja kina utando unaokizuia kisishikamane, kama vile povu la sabuni linavyosimama. Esansi inaharibu utando huo. Vifuko vinafungana, vinajaa maji, na mgonjwa anazama akiwa pahali pakavu.

Mara nyingi inakwenda hivi. Mtu ananyonya, anakohoa sana, anatema, anacheka, anamaliza kazi. Saa mbili ao tatu nyuma yake pumzi inakuwa ya haraka. Jioni homa inapanda. Jamaa wanasema malaria, wanampa dawa ya malaria. Usiku midomo inakuwa ya buluu. Asubuhi wanamleta, na sisi tumepoteza saa kumi na mbili.

Na mbele ya kumleta, wamekwisha kumnywesha maziwa. Ao mawese. Mama zetu, tunajua mnafanya kwa upendo, na mababu walifanya hivyo kwa sumu nyingine. Lakini kwa esansi, na kwa petroli ya taa pia, maziwa na mawese hayaui kitu. Yanajaza tumbo na kuleta kutapika. Esansi iliyokuwa imetulia tumboni inapanda tena, inapita kooni mara ya pili, na mlango wa mapafu uko wazi. Ndiyo maana hata sisi dispanserini hatumtapishi mtu huyo wala hatumsafishi tumbo ovyo. Usitie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi.

Fanya hivi. Ateme, asukutue kinywa kwa maji na kutema tena. Vua nguo zenye esansi, osha ngozi kwa maji na sabuni. Akae wima, atulie. Akitapika mwenyewe, ainamishwe mbele. Mtoto alazwe kwa ubavu. Kisha mlete. Mtu mzima aliyekohoa wakati wa kunyonya aje, hata kama anajisikia mzima, na tutamwangalia kwa muda usiopungua saa 6. Mtoto aje kila mara, akikohoa ao asikohoe. Mtuambie ilikuwa nini, kiasi gani, na saa ngapi. Leteni na chupa.

Juu ya ngozi, machoni na katika pumzi

Mafundi wengi wanaosha mikono kwa esansi. Inatoa grisi, kweli, lakini inatoa na mafuta ya ngozi yenyewe, na ngozi inapasuka. Tena esansi ina benzeni, ambayo mtu akiivuta ao kuishika miaka mingi inaweza kuleta kansa ya damu. Wengine wanatujibu kwamba esansi ya sasa haina risasi. Ni kweli: nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esansi ya risasi mpaka mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Lakini risasi ilitoka, benzeni ilibaki. Tumia sabuni na unga wa mbao.

Ikiingia jichoni, maji safi yatiririke dakika 15 ao 20, kope zikiwa wazi. Ukisikia kichwa kinazunguka, toka, keti penye hewa.

Mtu akishika moto, asikimbie. Aangushwe, avingirishwe chini ao afunikwe blanketi nzito. Kisha maji baridi ya bomba juu ya pahali palipoungua kwa dakika 20, pete na saa zitolewe, kitambaa safi kiwekwe juu. Dawa ya meno, yai, mawese na majivu vibaki jikoni.

Kwa wenye magari ya enjeksio, pompu yao ni ya umeme na mara nyingi iko ndani ya tangi. Nguvu yake yafika bari 3 na zaidi, nayo inabaki katika tuyo hata motere ikizimwa. Kazi hiyo iachieni garaji. Na ninyi wa mitambo ya mazuti kule mgodini, msitafute tundu la tuyo ya enjeksio kwa kidole: mazuti inatoka kwa nguvu inayopita bari 1000, inatoboa ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kama cha mwiba, na kinataka daktari wa kupasua siku ile ile.

Nyuma ya kazi

Kama oili ilikuwa na harufu ya esansi, ibadilishwe mbele ya kuwasha motere, si juma lijalo. Ile ya zamani usiitumie kuwashia mbabula, na usiimwage katika mfereji. Itie katika bidoni yenye kifuniko, uipeleke garajini.

Esansi iliyobaki katika kopo irudi tangini. Isiingie katika chupa ya Fanta wala ya maji, hata kwa usiku mmoja. Mtoto wa miaka miwili anajua umbo la chupa, harufu haimzuii. Kama ni lazima kuiweka, iwe katika bidoni ya mafuta, imefungwa, nje ya nyumba ya kulala, juu kuliko mkono wa mtoto.

Washa motere, iache izunguke dakika chache, tazama chini ya pompu na kwenye kolye kama kuna tone. Likiwapo, zima. Na kesho yake asubuhi, mbele ya kwenda kazini, toa joji tena uinuse.